Makabidhiano ya Faili la Mrisho

Ipo nchi iitwayo Shwari. Usijisumbue kuitafuta kwenye ramani, wachora ramani wake wako semina tangu mwaka juzi. Katika nchi hiyo hakuna mtu mwenye wasiwasi. Si kwamba sababu za wasiwasi hazipo. Zipo za kutosha, na nyingine zimewekwa akiba. Ila Mtulivu Mkuu, katika mwaka wake wa kumi na tisa wa kushika madaraka kwa muda, alitangaza kwamba wananchi wote wametulia, na tangu siku hiyo kukutwa hujatulia ni sawa na kumwita mwongo.

Wale wachache ambao tangazo halikuwaingia vizuri kichwani walijengewa vituo. Kila kata ikapata Kituo cha Afya ya Akili cha Jamii, jengo la rangi ya maziwa yaliyoharibika, na mlangoni picha kubwa ya Mtulivu Mkuu akiwa amefumba macho. Maelezo chini ya picha yanasema anatafakari. Ilipigwa bungeni, na waliokuwepo wanasema alikuwa anakoroma, lakini picha, kwa bahati nzuri, haina sauti.

Kidawa alikuwa mshonaji wa sare za shule katika kata ya Tuliatuli, na mambo ya vituo hayakumhusu mpaka mdogo wake, Mrisho, alipougua. Mrisho alifundisha hesabu darasa la sita. Alikuwa mwalimu wa aina ile ambayo watoto humsindikiza hadi nyumbani wakimbebea madaftari, na wakifika hawataki kuondoka. Miaka miwili nyuma akili ilimchafuka, akatibiwa Kituoni, akapona, akarudi ubaoni. Sasa ugonjwa ulikuwa umerudi na mizigo yake yote. Siku sita hakulala wala kula. Siku ya saba Kidawa akampeleka hospitali ya mkoa.

Huko walipokelewa na Daktari Nzowa, mama mfupi mwenye macho ya mtu aliyesahau usingizi una ladha gani.

"Kidawa," alisema, "kabatini nina sindano za dawa tatu. Shwarizini, Nyamazoli na Pumzikadini. Mbili zitamsaidia mdogo wako. Moja ndiyo ile iliyomkaba safari ile."

"Ipi, daktari?"

"Ndiyo nakuuliza wewe."

Kidawa aliikumbuka siku ile kuliko alivyotaka. Dakika kumi baada ya sindano, shingo ya Mrisho ilijisokota kama nguo inayokamuliwa, ulimi ukatoka nje, midomo ikageuka rangi ya zambarau. Walimrudisha huku mguu mmoja ukiwa tayari kaburini. Alipouliza dawa gani ile, aliambiwa ni dawa ya serikali, na dawa ya serikali haiulizwi jina mbele ya watu.

"Jina lipo kwenye faili lake, kule Tuliatuli," daktari alisema. "Niletee ukurasa huo mmoja. Hata fotokopi. Hata picha."

"Nisipoupata?"

Daktari Nzowa alielekeza kidevu kwenye tangazo lililobandikwa ukutani, lenye muhuri mwekundu: MGONJWA WA AKILI AMBAYE HAJACHOMWA SINDANO HADI IJUMAA SAA SITA MCHANA ATAHESABIWA AMEPONA NA ATAONDOLEWA KITANDANI. KWA AMRI.

Safari iliyopita, kabla ya kuletwa Kituoni, Mrisho alikuwa amekwisha kupona mara moja kwa amri hiyo. Walimkuta katikati ya barabara kuu ya malori, pekupeku, akiwaelekeza madereva namna ya kutafuta eneo la mstatili.

"Kwa hiyo Ijumaa nitachoma," daktari alisema. "Ukiniletea jina, nitachoma kwa kujua. Usiponiletea, nitachoma kwa kubahatisha. Leo Jumatatu."

*

Kidawa alianza na simu. Namba ya Kituo iliandikwa ukutani kwa herufi ndefu kama mtu, kiasi kwamba hata asiyeitaka alikuwa ameihifadhi.

"Karibu Kituo cha Afya ya Akili cha Jamii, Tuliatuli," ilisema sauti ya mwanamke iliyorekodiwa. "Kama una furaha, bonyeza moja. Kama una furaha sana, bonyeza mbili. Kwa mengineyo, tafadhali furahi kwanza, kisha upige tena."

Kidawa akabonyeza mbili.

"Asante kwa kuwa na furaha sana," ilisema sauti, ikakata.

Akapiga tena, akapunguza furaha, akabonyeza moja. Simu iliita mpaka akamaliza kupinda mikono ya mashati mawili. Hatimaye akapokea mwanamume aliyekuwa anatafuna.

"Nani kakupa namba hii?"

"Imeandikwa ukutani kwenu, kaka."

"Ile ni mapambo."

"Naomba taarifa za matibabu za mdogo wangu. Jina la dawa moja tu."

Kidawa akamsikia mtafunaji akiwaambia wenzake, bila kuziba simu, "Kuna mtu anaomba faili." Zikasikika sauti za viti vikisogezwa, kama vile mtu ametaja nyoka.

"Njoo mwenyewe kesho," alisema. "Na uje na nidhamu."

*

Jumanne Kidawa akaenda na nidhamu yake. Getini mlinzi akamsukumia kitabu cha wageni. Jina, aendako, atokako, saa ya kuingia, na mwisho sehemu pana kuliko zote: MAONI. Kabla ya Kidawa, kurasa nzima zilikuwa na sentensi moja, kwa miandiko tofauti: Nimefurahishwa sana na huduma.

"Sijahudumiwa bado," alisema Kidawa.

"Ndiyo maana unaandika sasa hivi," mlinzi akamweleza kwa upole. "Ukishahudumiwa unaweza ukakosa maneno mazuri."

Akaandika amefurahishwa.

Afisa Kumbukumbu Mkuu aliitwa Bwana Pastory Lukwaro. Alikuwa na tai, kitambi, na sahani ya chapati na maharage iliyowekwa juu ya rundo la mafaili ili isichafue meza. Kidawa alimtambua kwa sauti ya kutafuna. Alieleza shida yake tangu mwanzo: mdogo wake, sindano, daktari, Ijumaa saa sita. Lukwaro alisikiliza akitikisa kichwa kwa huruma, akainua sahani, akachomoa faili la tatu kutoka juu. Hakuchukua hata nusu dakika.

Jina lilikuwa pale, mkono mmoja kutoka kwake.

Lukwaro akalamba dole gumba, dole lililokuwa bado lina mchuzi, akafungua ukurasa. Akalilamba tena, akafungua mwingine. Kila ukurasa ulibaki na alama ya mviringo yenye mafuta. Alisoma kwa raha, kama mtu anayesoma gazeti la michezo timu yake ikiwa imeshinda.

"Kumbe ni huyu," alisema, akawaita wa meza za jirani. "Ni yule mwalimu. Yule aliyekuwa anakojoa kitandani, analia anamwita mama."

Wakaja wanne, mmoja na kikombe chake cha chai. Wakainama juu ya faili bega kwa bega. Mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akasema masikini, kisha akaomba warudie ule ukurasa wa nyuma.

Kidawa alijisikia kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani. "Nisomeeni ukurasa wa sindano," alisema. "Neno moja."

Lukwaro akalifunga faili, akaweka kiganja juu yake. Uso ukawa wa kiofisi. "Dada yangu, hapo umevuka. Hii ni siri ya mgonjwa."

"Mmesoma watu watano."

"Sisi ni watumishi. Tumekula kiapo."

Mwenye chai akasema, "Na chapati," wakacheka kidogo, kwa nidhamu.

"Mimi ndiye niliyemleta hapa. Saini yangu ipo humo."

"Naiona. Mbaya kidogo." Lukwaro akajifuta mdomo. "Sikiliza nikuelimishe. Katika nchi yetu kitu cha serikali hakitolewi tu mkono kwa mkono kama fungu la mchicha. Kinakabidhiwa. Waraka namba saba: hakuna kukabidhi pasipo hafla, hakuna hafla pasipo mgeni rasmi. Na wewe ndiye mwananchi wa kwanza kuomba faili tangu Kituo kifunguliwe. Hafla yako haiwezi kuwa ndogo."

"Itakuwa lini?"

"Kwa kawaida, miezi minane. Wageni rasmi wana foleni." Kisha akaangaza macho, kama aliyekumbuka jambo zuri. "Lakini wewe umezaliwa na nyota. Alhamisi Naibu Waziri wa Utulivu anakuja kutuzindulia choo, na choo hakina paa. Hakina hata shimo, ukitaka kujua. Tuna mgeni rasmi, hatuna cha kukabidhi. Unaona Mungu anavyofanya kazi?"

*

Jumatano nzima ilikuwa ya maandalizi. Iliundwa kamati ya watu kumi na wanne. Kulikuwa na kamati ndogo ya chakula, kamati ndogo ya burudani, kamati ndogo ya bango, na kamati ndogo ya kusimamia kamati ndogo, ambayo ilikaa siku nzima chini ya kivuli cha jengo ikisubiri wenzake wakosee.

Kidawa alifundishwa kupokea. Goti la kushoto lipinde, la kulia lifuate kwa heshima. Mikono miwili. Atabasamu meno yaonekane, lakini si yote, maana meno yote yanaonekana kama njaa.

Aliambiwa pia aandike neno la shukrani. Akaandika mistari mitatu. Lukwaro akaipitia kwa kalamu nyekundu.

"Umeandika 'asante kwa kunipa faili.' Hapana. Kwanza unamshukuru Mungu. Kisha Mtulivu Mkuu. Kisha Mheshimiwa Naibu Waziri, kisha mke wake, kisha uongozi wa Kituo. Faili usilitaje."

"Si ndilo ninaloshukuru?"

"Ukilitaja itaonekana ulikuwa na shida."

Mara tatu siku hiyo Kidawa alimwomba, kwa sauti ya chini na kwa heshima, amwandikie tu lile jina kwenye kipande cha karatasi, mengine yote atayafanya. Atapiga magoti, ataonyesha meno kwa kiasi chochote. Mara ya tatu Lukwaro akamtazama kwa masikitiko ya kweli.

"Nikikupa leo, kesho tutakabidhi nini?"

*

Alhamisi turubai lilisimama mbele ya Kituo, na chini yake viti vya plastiki, na mbele meza kuu iliyofunikwa kitambaa cha satini na maua ya plastiki yaliyopuliziwa manukato. Bango lilisema: KARIBU MGENI RASMI KATIKA MAKABIDHIANO YA KIHISTORIA YA FAILI LA SIRI. Nyuma, mbali kidogo na upande wa upepo mzuri, pilau lilikuwa linaiva.

Watoto wa shule waliletwa kushika vibendera. Kidawa alizitambua sare kabla ya kutambua nyuso, alizishona mwenyewe. Lilikuwa darasa la sita, la Mrisho. Waliketishwa chini kwenye majani, mstari wa mbele kabisa, ili kamera ya televisheni ya taifa iwe na watu wadogo wa kuonyesha.

"Shangazi Kidawa," alinong'ona mmoja, msichana mwenye pengo, "mwalimu anarudi lini?"

"Karibuni," alisema Kidawa.

Naibu Waziri, Mheshimiwa Balthazari Kitwangala, alichelewa saa tatu, kama inavyotakiwa. Alikuwa mtu mpana, mwenye mikono laini yenye unyevu, na alipomshika Kidawa mkono aliushikilia mpaka kamera ilipomaliza. Kidawa akaufuta kwenye kanga yake, nyuma, pasipoonekana.

"Shwari," mheshimiwa akasalimia kwenye kipaza sauti.

"Shwari kabisa," umati ukaitikia.

Ikaimbwa kwaya. Ikasomwa risala, iliyomshukuru mheshimiwa kwa kufika na kumwomba asichoke kufika. Kisha mheshimiwa akasimama, akapewa faili lenyewe, lile la kweli, na akatangaza kwamba serikali sikivu haina cha kumficha mwananchi. "Wapo wanaosema tunafungia taarifa," alisema. "Leo nitawaonyesha."

Akafungua, akalamba kidole na yeye, akaanza kusoma.

Alisoma jina lote la Mrisho, umri, shule anayofundisha na mtaa anaokaa. Alisoma kwamba aliletwa Kituoni akiwa amefungwa mikono kwa kanga ya dada yake. Alisoma kwamba usiku wa kwanza alijikojolea mara tatu. Alisoma kwamba alimlilia marehemu mama yake akimwita kwa jina la utotoni, na jina hilo alilisoma pia, akalirudia, maana lilikuwa limeandikwa vibaya. Alisoma kwamba alisema yeye ni mwalimu mbovu na watoto wanamdanganya tu kwamba wanamwelewa. Kila mwisho wa ukurasa mshereheshaji alidakia, "Makofi ya kilo tano kwa uwazi wa serikali yetu," na umati ukapiga makofi ya kilo tano.

Darasa la sita walipiga makofi ukurasa wa kwanza. Ukurasa wa pili walitazamana. Ukurasa wa tatu mwalimu wao wa zamu akawakodolea macho, wakapiga, taratibu, mikono ikiwa chini ya magoti. Msichana mwenye pengo alikuwa anaangalia majani.

Kidawa alihesabu kurasa. Sita. Saba. Nane. Akasubiri, kwa sababu Lukwaro alikuwa amemwambia wa tisa ndio wa sindano.

Lukwaro akainuka upesi, akamnong'oneza mheshimiwa. Mheshimiwa akaitikia kwa kichwa.

"Ukurasa huu wa tisa," akatangaza, "una jina la dawa. Hilo ni jambo la kitabibu, na serikali yetu inaheshimu siri ya mgonjwa. Hatutausoma."

Makofi ya kilo kumi.

Faili likafungwa, likarudishwa kwa Lukwaro, Lukwaro akamkabidhi karani, karani akaondoka nalo ndani. Vijana wawili wakatokea upande wa pili wamebeba boksi la karatasi ngumu, refu kuliko Kidawa, lililopakwa rangi ya pinki na kuandikwa kwa herufi kubwa: FAILI LA MFANO. Mheshimiwa akashika pembe moja, Kidawa akashikishwa nyingine. Wapiga picha wakapiga. Ndani lilikuwa wazi, na upande mmoja ungeweza kusoma kwamba kabla ya hapo lilikuwa limebeba jokofu.

"Na lile lenyewe?" Kidawa aliuliza bila kusogeza midomo.

"Taratibu zinaendelea," alijibu Lukwaro, naye bila kusogeza midomo.

"Na sasa," mshereheshaji akasema, "mnufaika atatoa neno la shukrani, na baada ya hapo, kwa mujibu wa itifaki, meza kuu itanyanyuka kuelekea kwenye chakula."

Kidawa akapewa kipaza sauti. Mkononi alikuwa na karatasi yenye wino mwekundu: Mungu, Mtulivu Mkuu, mheshimiwa, mke wa mheshimiwa. Akaitazama. Akatazama meza kuu, wote wamekwisha kusogeza viti nyuma kidogo, makalio nusu hewani, wanasubiri. Hapo ndipo kitu kikamjia, chepesi tu, kama mtu anavyoona uzi uliolegea kwenye pindo. Bila neno lake, hakuna anayekula.

Akanyamaza.

Ikapita dakika. Mshereheshaji akacheka. "Mnufaika amezidiwa na furaha." Makofi. Kidawa akanyamaza. Dakika tano. Makalio ya meza kuu yakarudi kwenye viti. Kamera ya taifa ilikuwa inarusha moja kwa moja, na mpiga kamera hakuwa na amri ya kuzima.

Lukwaro akamsogelea, tabasamu limemgandia usoni. "Sema, dada."

"Nakusanya maneno."

"Unajua kukosa utulivu mbele ya mgeni rasmi ni kosa gani? Naweza kukulaza humo ndani sasa hivi."

"Nimetulia, Bwana Lukwaro," alisema Kidawa, na kipaza sauti kikaisambaza sauti yake laini mpaka kwenye masufuria. "Kuna mtu hapa aliyetulia kunishinda?"

Sheria za Shwari zilikuwa zimewataja wanaopiga kelele, wanaolia, wanaocheka ovyo, wanaotembea haraka na wanaouliza. Mtu aliyesimama kimya na kutabasamu, meno nusu, hazikumtaja popote. Watu wa usalama walifungua kitabu chao kidogo, wakakifunga.

Dakika ya ishirini. Harufu ya pilau ilianza kuwa harufu ya pilau lililopoa. Nzi waliacha umati, wakahamia kwenye masufuria, kama walioarifiwa. Kipaza sauti cha meza kuu, ambacho mtu alikisahau kimewashwa, kikanasa tumbo la mheshimiwa likinguruma, na taifa zima likalisikia likihutubia.

"Anataka nini huyu mama?" mheshimiwa akauliza hatimaye.

Tangu Jumatatu, ilikuwa mara ya kwanza mtu kuuliza.

"Ukurasa wa tisa, mheshimiwa," alisema Kidawa.

"Mpeni basi."

"Ni siri, mheshimiwa," Lukwaro akasema.

"Siri gani? Si nimewasomea kila kitu?"

"Kila kitu isipokuwa huo."

Mheshimiwa akamtazama Lukwaro, akatazama masufuria. "Lukwaro," alisema, "wewe unakula wapi mchana huu?"

Hakuna aliyewahi kumwona Bwana Lukwaro akikimbia. Alikimbia kama mtu aliyebeba ndoo ya maji asiyotaka yamwagike, na ndoo ilikuwa mbele yake mwenyewe. Akarudi na ukurasa umechanwa, anahema. Kidawa akaushika. Katikati kulikuwa na alama ya dole gumba, mafuta ya maharage ya Jumanne yamepenya karatasi, na ndani ya duara lile, kwa mwandiko wa nesi mmoja makini, lilisomeka jina: Nyamazoli.

Akaukunja mara nne, akauweka kifuani. Akainua kipaza sauti.

"Namshukuru nesi aliyeandika neno hili kwa mwandiko unaosomeka," alisema. Halafu akakiweka chini.

Meza kuu haikusikia zaidi ya neno la kwanza. Ilikuwa imeshanyanyuka.

*

Ijumaa saa nne asubuhi Daktari Nzowa aliukunjua ukurasa, akausoma, akaketi. Kwenye trei, kando ya pamba, bomba la sindano lilikuwa limejazwa tayari.

"Ndiyo hiyo niliyokuwa nimeichagua," alisema. Akalimwaga lote kwenye sinki, akafungua maji, akayaacha yatiririke muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mrisho alichomwa Pumzikadini saa nne na nusu. Saa tano alilala. Shingo yake ilikaa ilipowekwa. Kidawa alikaa pembeni akiihesabu pumzi, moja moja, mpaka saa sita ikapita, na hakuna aliyekuja kusema amepona.

Alipoamka, Jumamosi mchana, aliomba uji. Alikunywa nusu kikombe. Macho yake yalikuwa yake tena. Kidawa angeweza kulia kwa furaha, lakini Mrisho hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama juu ya mlango wa wodi, kwenye televisheni ambayo kila wodi ya Shwari inayo na haina kitufe cha kuzimia, maana mgonjwa asiyetazama habari hawezi kutulia.

"Dada," alisema. "Alhamisi sikuwa nimelala. Nilikuwa nimefungwa hapa hapa kitandani. Walisoma yote?"

"Mpaka ukurasa wa nane."

"Na jina la mama."

"Na hilo."

Kisha akauliza lile alilokuwa analizunguka. "Wale waliokaa mbele, kwenye majani. Niliona vibaya?"

Kidawa alitafuta uongo, akakuta umekwisha. "Uliona vizuri."

"Walipiga makofi."

"Walipigishwa, Mrisho. Wa mbele hawakutaka. Nilikuwa nawaangalia."

"Nani hakutaka?"

"Yule mwenye pengo."

"Rehani," alisema Mrisho. Akajivuta shuka mpaka kidevuni. "Na jina la dawa, walilisoma?"

"Hapana. Hilo ni siri ya mgonjwa."

Mdomo wake ukataka kucheka, ukashindwa katikati. Juu ya mlango, muziki wa taarifa ya habari ukapiga. Mtangazaji akasema kwamba kwa maombi ya wananchi wengi watarudia tukio la kihistoria la juzi, na sura pana ya mheshimiwa ikajaa kioo, kidole kikielekea ulimini.

Kidawa akapanda juu ya kiti. Akavua kanga ya juu, akaitupia televisheni, akaifunga fundo nyuma kama anayefunga jeraha. Picha ikapotea. Sauti haikupotea. Wagonjwa wa vitanda vingine, mmoja mmoja, wakageukia ukutani, kwa adabu ambayo hakuna aliyewafundisha. Akashuka, akakaa kitandani kwa mdogo wake, akaziba masikio ya Mrisho kwa viganja vyake viwili, na wakakaa hivyo. Chini ya kanga, mheshimiwa aliendelea kusoma. Alikuwa ndiyo kwanza amefika ukurasa wa pili.